NANI ALIYETUJAZA? Darsa la historia kwa watu wa Mbinga na mwambao wa Nyasa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, wazee wanne na vijana wawili walinisubiri barazani mwa msikiti. Walikuja kwa adabu, lakini nyuso zilikuwa nzito. Mmoja akasema kwa niaba ya wenzake: "Sheikh, tunaomba khutba ya wiki ijayo iseme juu ya wageni. Watu wa ng'ambo wametujaa. Viwanja havishikiki, mashamba yamekwisha, na sasa wanataka hata mabinti zetu."

Hilo la mwisho ndilo lililowaleta. Kijana mmoja wa mwambao, muuza usipa, mwenye swala tano, alipeleka posa nyumba moja ya Waislamu wenzetu. Posa ikarudishwa. Sababu iliyotolewa si dini wala tabia. Sababu ni kwamba babu yake alitoka Msumbiji wakati wa vita. Kijana kazaliwa hapa. Baba yake kazaliwa hapa. Bado anaitwa "wa kuja".

Sikuisoma khutba waliyoitaka. Niliwaahidi kuandika, kwa sababu jambo lenyewe lina hesabu na historia, na dakika ishirini za mimbari hazitoshi. Leo natimiza ahadi. Someni polepole, msikimbilie kwenye maoni kabla hamjafika mwisho.

Swali letu ni moja: NANI ALIYETUJAZA?

1. NANI ALIMKUTA NANI?

Tuanze na Wangoni, maana huwezi kuisimulia Ruvuma bila wao. Hawa walitoka kusini mwa Afrika, nchi ya Natal, wakikimbia vita vya zama za Shaka. Zwangendaba na watu wake walivuka mto Zambezi tarehe 20 Novemba 1835. Tarehe hiyo tunaijua kwa sababu siku ile jua lilipatwa. Wakapanda kaskazini mpaka Ufipa, na huko Zwangendaba akafariki mnamo mwaka 1848. Jeshi likagawanyika. Kundi moja, lililoongozwa na Zulu Gama, likazunguka likaja mashariki ya ziwa, nchi ya Songea. Likakuta Wangoni wengine, wa Maseko, wamekwisha kutangulia. Wakapigana, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 Wamaseko wakafukuzwa kuvuka Ruvuma.

Sasa niulize: hao waliofika Songea walikuwa Wanguni wangapi wa asili? Wachache sana. Njia nzima walikuwa wakichukua watu: Wakalanga, Wansenga, Watumbuka. Walipofika huku wakachukua Wandendeule, Wanindi, Wapangwa na Wamatengo. Waliochukuliwa waliitwa Wasutu, na baada ya kizazi kimoja au viwili watoto wao wakajiita Wangoni kama wengine. Tazama pia lugha. Kinguni walichokuja nacho kilipotea, na Kingoni cha Songea leo ni ndugu wa Kimatengo. Mgeni alikuja na mkuki, akaondoka na lugha ya mwenyeji kinywani mwa wajukuu zake. Subhanallah.

Na Wamatengo je? Uvamizi ule uliwasukuma juu, kwenye milima ya Litembo. Watu wengi wakabanwa mahali padogo penye miteremko mikali, wakalima kwa ngolo. Wasomaji wa mbali, ngolo ni hivi: majani hufyekwa mwisho wa mvua, yakapangwa kwa mistari inayokatana kama vyumba vya sega la nyuki. Kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunika majani. Kunabaki mashimo mlima mzima, kila moja na kuta zake. Juu ya kuta hupandwa maharage, na mvua za mwisho wa mwaka zikifika, mahindi. Shimo hushika maji, majani yaliyooza huwa mbolea, na udongo haushuki bondeni.

Ndugu yangu, weka alama hapa. Watu walipobanana, wazee wa Umatengo walishika jembe. Kubanwa huko kukazaa elimu ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Japani wamekuja kuisoma kwetu.

2. MIAKA AMBAYO TULIKUWA TUNAISHA

Wanaosema nchi yetu inajaa wanasahau kwamba kwa muda mrefu taabu yake ilikuwa kuishiwa na watu.

La kwanza ni utumwa, na hili sisi Waislamu tulisema wenyewe, tusingoje kuambiwa. Njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa ilikuwa njia ya pembe na ya binadamu. Ng'ambo, pale Nkhotakota, alikaa Jumbe, mtu wa pwani, Mwislamu, na majahazi yake yalivusha mateka kuja upande wetu wa mashariki, wakaanza safari ya miguu kwenda bahari. Balozi wa Uingereza kule Zanzibar, Rigby, alimweleza Livingstone kwamba watu 19,000 wa nchi ya Nyasa peke yake walipitishwa forodha ya Zanzibar kila mwaka. Hapo hujawahesabu waliokufa njiani. Wauzaji wengi walisali kama sisi. Aliyemdhulumu mtu hatetewi kwa kuwa alikuwa na kanzu.

La pili ni vita vya Maji Maji. Vilianza Julai 1905 kule Umatumbi, na kabla mwaka haujaisha Ungoni nzima ilikuwa vitani. Wajerumani walipochoka kuwafukuza wapiganaji porini, walichoma vyakula mashambani na ghalani. Njaa ikaua kuliko risasi. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa 67 walinyongwa Songea, na kaburi lao la pamoja liko pale Mahenge kwenye makumbusho. Serikali ya Kijerumani ilikiri vifo 75,000 katika vita vyote. Marehemu Gilbert Gwassa, mwanahistoria wetu aliyekusanya habari kwa wazee, alikadiria watu 250,000 hadi 300,000. Vijiji vikageuka pori, wanyama na mbung'o wakarithi mashamba ya marehemu.

La tatu ni manamba. Waingereza hawakutuletea kazi, walituchukua twende kazini. Vijana wa Songea walisombwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na kuanzia mwaka 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya wenye mkonge ya kuandikisha vibarua, ikiitwa SILABU. Wengine walirudi, wengine makaburi yao yako Muheza na Korogwe. Kule Tanga watu wetu ndio walioitwa "wa kuja". Je, Wabondei na Wasambaa wangewanyima posa babu zetu, nusu ya koo zetu zingekuwa na shangazi wa Kitanga?

3. HESABU MSIKITI WAKO

Sasa tujitazame sisi. Mbinga ni nchi ya Wakatoliki wengi, wana jimbo lao tangu 1986, na tunaishi nao kwa wema, alhamdulillah. Sisi Waislamu ni wachache. Tulitoka wapi?

Simama siku ya Ijumaa mlangoni uhesabu. Safu ya kwanza kuna Myao ambaye babu yake alivuka Ruvuma. Kuna Mngindo. Kuna mjukuu wa manamba aliyekwenda Tanga hana dini, akarudi na kanzu na juzuu. Kuna mfanyabiashara aliyekuja na gari la kahawa akaoa hapahapa. Kuna Mnyasa mwenye mjomba Likoma na shangazi Nkhata Bay. Imamu wenu mwenyewe, mzaa baba yake alikuwa mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, alikuja na mzigo wa chumvi kichwani.

Uislamu katika milima hii umeletwa na miguu ya wageni. Tukisema mgeni asikae, tumesema msikiti ubomolewe.

Na huo mpaka tunaoupigia kelele una umri gani? Wajerumani na Waingereza walitia saini tarehe 1 Julai 1890, huko kwao Ulaya. Wala ziwa wala Ruvuma havikuulizwa. Kabla ya hapo, mtu akitoka Mbamba Bay kwenda ng'ambo kwa mtumbwi alikuwa anakwenda kwa shemeji, hakuwa anakwenda nchi ya nje.

4. WALIOKUJA KUPITIA LUNDO

Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza Msumbiji. Watu wakavuka na watoto mgongoni. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapokea, ikafungua makazi: Rutamba kule Lindi, Muhukuru kwa Songea, na Lundo, hapa kwetu, katika wilaya ya Nyasa ya leo. Walipewa ardhi wakalima. Juni 25, 1975 Msumbiji ikapata uhuru, na wengi wao wakarudi kwao. Miaka ya 1980 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikawaleta wengine, na baada ya mapatano ya Oktoba 1992 wengi wakarudi pia.

Waliobaki ni wachache. Walioana na watu wa hapa, walizika hapa, watoto wao walisoma shule moja na wa kwetu. Babu wa kijana wetu wa usipa ni mmoja wa waliopita Lundo.

5. SASA TULETE HESABU

Msiseme Sheikh anatumia maneno matamu tu. Kuhesabu watu ni jambo la dini yetu pia. Katika Sahih Bukhari, Hudhayfa (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliagiza waandikwe waliosilimu, wakapatikana wanaume 1,500. Basi tuhesabu.

Sensa ya 1967 Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3. Mwaka 1988, milioni 23. Mwaka 2002, milioni 34.4. Mwaka 2012, milioni 44.9. Mwaka 2022, milioni 61.7. Tumezidi mara tano katika miaka 55.

Kati ya sensa mbili za mwisho tuliongezeka watu karibu milioni 16.8. Wageni wangapi wamo humo? Chukua jambo kubwa kuliko yote ya uraia katika nchi hii. Mwaka 2014 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia Warundi wapatao 162,000, waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na watoto wao, wakazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Dunia ilishangaa, maana si nchi nyingi zimefanya hivyo. Haya, tujifanye wote waliingia siku ileile, ingawa walikuwa humu miaka arobaini. Bado hawafiki hata mmoja katika kila watu 100 walioongezeka kati ya 2012 na 2022.

Chukua na Rusumo. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja lile kwa muda wa siku moja hivi. Hakuna aliyewahi kuona mkimbio kama ule. Mwisho wa 1996 karibu wote walikuwa wamerudishwa. Kwa jumla, Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2020 kwamba watu waliozaliwa nje na kuishi Tanzania, wakimbizi wakiwemo, hawafiki mmoja kati ya mia.

Na mkoa wetu? Ruvuma ilikuwa na watu 1,376,891 mwaka 2012, na 1,848,794 mwaka 2022. Ukipiga hesabu, ni kasi ndogo kidogo kuliko ya taifa zima. Kama kweli ng'ambo imemwagika kwetu, mbona hatujaipita nchi nzima kwa kujaa?

Basi walitoka wapi hao milioni 16.8? Wametoka chumbani mwetu, ndugu zangu, na wametoka zahanati. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto karibu watano, yaani 4.8. Na watoto wanaishi. Mwaka 1999, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Sisi wa umri wangu tunakumbuka vijeneza vidogo. Tulikuwa tunakwenda makaburini na mtoto mikononi, bila hata kuhitaji watu wanne wa kubeba. Kupungua kwa vijeneza vile ni neema ambayo hatujaishukuru vya kutosha. Wale tuliokuwa tunawazika ndio hawa leo wanaotafuta viwanja.

Ziko nchi ambazo ni wageni wanaozijaza. Qatar na Falme za Kiarabu, karibu watu tisa kati ya kumi ni wa kutoka nje, wakiwemo vijana wetu wa Kiswahili. Ujerumani, vifo vimezidi vizazi kila mwaka tangu 1972, na isingekuwa wahamiaji ingepungua. Kanada, karibu ongezeko lote la mwaka 2023 lilitokana na wahamiaji. Huko mtu akizungumza wageni na idadi ya watu, ana hoja ya kujadili. Ukiyachukua maneno ya huko ukayaleta Mbinga, umevaa koti la baridi ukaenda kuvua usipa.

6. TATIZO LA KWELI TULIITE JINA LAKE

Sisemi tatizo halipo. Wazee wale hawakunidanganya kuhusu ardhi. Mzee mwenye ekari 10 na watoto watano, kila mmoja akipata sawa ni ekari 2. Nao wakizaa watano watano, mjukuu hafikishi hata nusu ekari. Hapo hajaingia mgeni hata mmoja, ni mirathi tu imefanya kazi yake. Na barabara ya lami ilipofika Mbamba Bay, na ujenzi wa bandari ukaanza, viwanja vya ufukweni vilipanda bei. Nani aliuza? Wengi tuliuza sisi, kwa watu wa mijini, Watanzania wenzetu wenye pesa, kisha tukamlaumu muuza usipa.

Watoto ni neema, sibadilishi neno hilo. Lakini neema ina kazi zake. Kupumzisha mama kati ya uzazi na uzazi, na kumnyonyesha mtoto miaka miwili kamili, si mageni katika dini yetu. Kusomesha ili si kila mtoto angoje kipande cha shamba, ni wajibu. Kuandika mirathi kabla ya kufa, na kumpa binti fungu lake alilopewa na Mola wake, ni wajibu. Kutouza shamba la ukoo kwa haraka ya pikipiki, ni akili tu.

Na sheria za nchi nazo zina mahali pake. Anayevuka mpaka afuate utaratibu, na sisi tusimfiche mhalifu kwa jina la undugu. Mwislamu hutimiza ahadi, na uraia ni ahadi. Lakini kuangalia karatasi ni kazi ya serikali. Kazi hiyo isihamishiwe kwenye sebule za posa wala kwenye safu za swala.

7. MADINA ILIJENGWA NA NANI?

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa mhamiaji. Kalenda tunayofungia Ramadhani haikuanzia siku ya kuzaliwa kwake wala siku ya ushindi wa Badr. Inaanzia mwaka 622, mwaka aliohama. Na kabla yake masahaba walikwishahamia Uhabeshi, katika Afrika yetu hii, wakapokewa na mfalme Mkristo.

Alipofika Madina aliunganisha Muhajirina na Ansari, mmoja mmoja. Saad bin Rabii alimwambia Abdulrahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea baraka, akaomba kitu kimoja tu: aonyeshwe soko lilipo. Akaenda, akauza samli na jibini, akasimama kwa miguu yake. Tazameni pande zote mbili: mwenyeji alifungua mkono, na mgeni hakuukalia. Allah akawasifu Ansari katika Surat al-Hashr kwa kutanguliza wenzao ilhali wao wenyewe wana uhitaji. Na aya ya 13 ya Surat al-Hujurat mnaihifadhi nyote: makabila yamewekwa kwa ajili ya kujuana.

Kijana wetu wa usipa naye hakuomba nusu ya shamba la mtu. Alikwenda sokoni, akajitegemea, kisha akaja kwa mlango wa halali, na mahari mkononi.

Mtume (s.a.w.) alituusia kwamba akija mwenye dini na tabia ya kuridhisha tumwozeshe, la sivyo itatokea fitna na uharibifu katika ardhi. Hakuweka sharti la mahali alipozaliwa babu.

Mzee wangu uliyeirudisha ile posa, najua darsa hizi unazisoma, na hunikasirikii. Sitakutaja. Nakuomba jambo moja. Leo usiku mpigie simu dada yako mkubwa, umuulize marehemu baba yenu alizaliwa wapi, na alifika Mbinga mwaka gani, na nani alimpa mahali pa kulaza kichwa usiku wa kwanza. Ukishapata jibu, kama bado unaona posa ile irudi, ni haki yako kama walii, ilimradi binti mwenyewe naye aulizwe. Lakini ukiona moyo umelainika, mlango wangu uko wazi baada ya Isha, na kijana nitamwita mimi.

Nanyi wengine mnaosoma, fanyeni hivyohivyo. Andikeni hapo chini ukoo wenu ulitoka wapi. Tuone ni wangapi watabaki wa kuwaita wenzao wa kuja.

Ewe Mola wetu, warehemu waliokufa njiani kwenda Kilwa, na waliokufa kwa njaa ya Maji Maji, na waliozikwa Tanga bila jamaa. Waongoze watoto wetu, utanue riziki katika ardhi hii, na usitufanye wenye kufunga milango ambayo sisi wenyewe tulifunguliwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.